Mfanyabiashara, Utatoka kwa Mlango Gani?

Ndugu msomaji, mwulize mtu yeyote mwenye duka, karakana au mashine ya kusaga jinsi alivyoianza biashara yake, naye atakusimulia mpaka chai ipoe. Atakutajia mwaka, atakutajia mtaji aliouanzia, na pengine jina la mjomba aliyemkopesha. Kisha mwulize swali la pili: biashara hii utaiachaje? Hapo atakutazama kama mtu aliyetakiwa mabaya. Wengine hawatasita kukujibu, "Kwani unaniombea kifo?"

Swali hilo si la kumtakia mtu mauti. Ni swali la hesabu, na kila aliyeingia katika biashara hapana budi atalijibu siku moja, apende asipende. Atatoka kwa uzee, au kwa maradhi, au kwa kuchoka, au kwa hasara, au kwa jeneza. Tofauti iliyopo ni moja tu: kuna atokaye kwa mlango alioutengeneza mwenyewe, na kuna atolewaye.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuitumia methali hii tunapomwonya mtu juu ya karani mwizi au jirani mkopaji. Jumapili hii nataka tuitazame kwa undani zaidi. Biashara ambayo hesabu zake zimo kichwani mwa mwenyewe haiuziki, hairithiki, wala haifungiki kwa heshima. Daftari ndilo mlango wa kutokea, na mlango haujengwi siku nyumba inapowaka moto.

FAIDA SI FEDHA YA MTOTO WA MEZA

Tuchukue mfano wa fundi seremala mwenye karakana ya samani, kama zile za Keko, Dar es Salaam. Tarakimu ni za mfano tu, lakini kila mwenye karakana ataitambua sura yake humo. Kwa mwezi fundi huyu huuza vitanda, makabati na meza kwa shilingi 6,000,000. Mbao, misumari, gundi na vanishi humgharimu shilingi 2,700,000. Mafundi wake watatu huwalipa jumla ya shilingi 1,200,000. Pango ni shilingi 400,000, na umeme, usafiri na mengineyo ni shilingi 500,000. Jumla ya matumizi ni shilingi 4,800,000, na zinazobaki ni 1,200,000.

Fundi wetu hulala akijiita mtu mwenye faida ya shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Je, ni kweli?

Kwanza, yeye mwenyewe hufika kazini alfajiri na kuondoka magharibi. Lau angemwajiri msimamizi badala yake, angemlipa, tuseme, shilingi 600,000. Fedha hiyo ni ujira wa jasho lake, si faida ya biashara. Pili, mashine zake za randa na msumeno alizinunua kwa shilingi 9,600,000, na zitamtumikia miaka 8, yaani miezi 96. Kila mwezi upitao, shilingi 100,000 za mashine hizo zimegeuka vumbi la mbao, hata kama hakuna aliyezichukua mfukoni. Tatu, leseni na kodi ya serikali havimsubiri mtu. Tuseme hutenga shilingi 100,000 kila mwezi. Toa yote hayo, faida halisi ni shilingi 400,000, yaani theluthi ya ile aliyojidhania nayo.

Mtu anayeishi kwa faida ya shilingi 1,200,000, hali faida yake ni 400,000, anakula karakana yenyewe. Leo anakula mshahara wake mwenyewe, kesho anakula mashine, na siku msumeno utakapokufa atakwenda kukopa ili anunue kitu ambacho alikwisha kukila.

Kuna mtego wa pili, nao ni arbuni. Mteja huleta shilingi 300,000 za kutangulia ili atengenezewe kabati. Fundi huzipeleka kulipa ada ya shule. Anakuja mteja wa pili na arbuni yake, na kwa fedha hiyo ndipo zinaponunuliwa mbao za kabati la mteja wa kwanza. Gurudumu huzunguka hivyo mwaka hata mwaka, na karakana huonekana imejaa kazi, kumbe imejaa madeni. Ukipita mwezi mmoja tu bila mteja mpya, ndipo zinapoanza zile "njoo kesho" tunazozilalamikia sote. Aghalabu tunamwita fundi huyo mwongo wa ulimi, kumbe uongo ulianzia katika hesabu. Arbuni si mapato. Ni deni mpaka siku mteja atakapolipakia kabati lake garini.

Kinyume cha arbuni ni mali iliyokopeshwa. Mwenye duka aliyetoa bidhaa za shilingi 2,000,000 kwa mkopo anaweza kuandika faida nzuri kabisa, na bado akakosa fedha taslimu ya kununua katoni moja ya sabuni. Biashara nyingi hufa zikiwa na faida, kama vile mtu anavyoweza kufa kwa kiu ilhali kisima chake kimo katika kiwanja cha jirani.

Na mtego wa tatu tunao sisi wa nyumbani. Kilo ya sukari kutoka rafuni, nauli ya watoto kutoka mtoto wa meza, mchango wa harusi kutoka kwenye simu ile ile ipokeayo malipo ya wateja. Hakuna ubaya katika kula matunda ya kazi yako. Ubaya ni kula bila kuandika. Mwenye biashara na ajilipe mshahara uliopangwa, kisha nyumba nzima iishi ndani ya mshahara huo kama ziishivyo nyumba za wafanyakazi wengine.

MNUNUZI HUNUNUA NINI?

Tuseme fundi wetu amefikisha miaka sitini, mgongo umekataa, naye anataka kuuza. Mnunuzi anakuja. Ataanza kwa kuhesabu vinavyoonekana: mashine zilizobaki na thamani ya shilingi 5,000,000, mbao za shilingi 2,000,000, na fedha wanazodaiwa wateja, shilingi 1,500,000. Halafu atatoa madeni ya karakana, pamoja na arbuni za watu, shilingi 2,500,000. Zinabaki shilingi 6,000,000. Huo ndio mtaji halisi.

Lakini karakana iliyodumu miaka ishirini ina thamani zaidi ya mbao na chuma. Ina jina, ina wateja, ina mahali panapojulikana. Thamani hiyo haionekani kwa macho. Huonekana katika daftari peke yake. Mwenye hesabu za miaka mitatu mfululizo anaweza kumwambia mnunuzi, "Tazama, baada ya kulipa kila mtu, nikiwamo mimi, hubaki kiasi hiki kila mwaka." Hapo mnunuzi ana kitu cha kukadiria, nao watapatana bei iliyo juu ya zile milioni 6. Asiye na daftari atasema, "Amini ninachokuambia," na mnunuzi mwenye akili atalipa bei ya chuma chakavu.

Mnunuzi ataulizia jambo jingine pia: ukiondoka wewe, faida itabaki? Ikiwa wateja wote wanazo namba zako wewe tu, ikiwa bei za mbao unazijua wewe peke yako, na hakuna fundi mwingine awezaye kupima kazi na kutaja gharama, basi hapo hapauzwi biashara. Panauzwa mtu, na mtu hauziki.

Hali kadhalika na mahali penyewe. Mjini watu hulipana kilemba, wakati mwingine kikubwa kuliko bidhaa zote zilizomo, ili waachiwe chumba cha duka, au fremu kama wenyewe waitavyo. Lakini ikiwa mapatano yako na mwenye nyumba ni ya mdomo tu, huna unachokiachia. Mnunuzi atalipa kilemba leo, na mwezi ujao mwenye nyumba atamwambia kwamba hamjui. Mkataba wa pango ulioandikwa, wenye muda na wenye kifungu cha ruhusa ya kumwachia mwingine, ni mali kama mashine ilivyo mali.

MFANO KUTOKA JAPANI

Pengine msomaji atasema kwamba mambo haya ni ya vibanda vya Keko tu. La, hata wakubwa hayawaachi. Jina la Honda linajulikana katika kila mtaa wetu kwa ajili ya pikipiki. Soichiro Honda, aliyeanzisha kampuni hiyo huko Hamamatsu, Japani, mwaka 1948, alikuwa fundi wa kuzaliwa. Mikono yake ilipenda grisi kuliko leja. Naye alilijua hilo. Mwaka 1949 alimpata Takeo Fujisawa, akamwachia mambo ya fedha na mauzo, na yeye akabaki na injini zake. Kujua fedha si lazima kuwe ni kujua kila kitu mwenyewe. Wakati mwingine ni kujua usilolijua, na kumtafuta mwenzako aliyelijua.

Lakini somo kubwa zaidi liko mwishoni. Mnamo Oktoba 1973, kampuni ilipokuwa imetimiza miaka 25, wazee hao wawili walistaafu kwa pamoja, Honda akiwa na umri wa miaka 66 na Fujisawa miaka 62. Hawakufukuzwa na mtu, wala kampuni haikuwa imefilisika. Urais walimwachia mhandisi aliyekulia ndani ya kampuni hiyo, Kiyoshi Kawashima, mwenye umri wa miaka 45. Wala jambo hilo halikuwa la ghafula. Tangu mwaka 1964 Fujisawa alikwisha waweka wakurugenzi katika chumba kimoja, bila ya kila mtu kuwa na ofisi yake, ili wazoee kushauriana na kuamua pamoja. Soichiro Honda alifariki dunia mwaka 1991, miaka 18 baada ya kustaafu, na kampuni haikutikisika kwa msiba huo, kwani ilikwisha jifunza zamani kutembea bila yeye.

Sisi tuna karakana ya mafundi watatu, si kiwanda cha maelfu. Lakini kanuni ni ile ile: anayeondoka huandaliwa nafasi yake angali na nguvu za kumrekebisha anayeingia.

MILANGO NI MINNE

Mwenye biashara ana milango minne, na yafaa aijue yote kabla hajachagua.

Wa kwanza ni kumkabidhi mtoto. Ni mlango tunaoupenda kuliko yote, na ndio unaotuangusha mara nyingi. Usimkabidhi mtoto kwa kuwa ni mtoto. Mpe leja kwanza, si funguo. Mtoto aliyeendesha hesabu kwa mwaka mzima, akaona jinsi wadai wanavyolipwa na wadaiwa wanavyobembelezwa, ataijua thamani ya kile anachopewa. Na ikiwa moyo wake uko kwenye ualimu au uuguzi, mwache aende kwa amani.

Wa pili ni kumwuzia mtu wa nje, na huyo tumekwisha kumzungumzia.

Wa tatu ni kuwauzia wafanyakazi wenyewe. Mafundi wale watatu wanaijua karakana kuliko mnunuzi yeyote. Hawana fedha za mkupuo, lakini wanaweza kulipa kidogo kidogo kutokana na kazi, kwa mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa. Mzee akapata kipato cha uzeeni, na vijana wakapata pa kusimama.

Wa nne ni kufunga kwa heshima, yaani kurudisha arbuni za watu, kuwalipa wadai, kuuza vilivyobaki, na kuwaaga wateja. Kufunga hivyo hakumwaibishi mtu. Aibu ni kuamka siku moja watu wakute kufuli mlangoni na simu imezimwa. Kumbuka pia kuiarifu Mamlaka ya Mapato, na Msajili aliyekusajilia jina la biashara, kwamba umefunga. Asiyetoa taarifa huendelea kuhesabiwa kuwa yumo.

Katika mlango wowote utakaouchagua, usiwasahau wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetumikia miezi 12 au zaidi, na kuachishwa na mwajiri bila kosa lake, kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Fundi wa miaka 8 atadai kiasi kinachokaribia mishahara ya miezi miwili. Wako watatu! Deni hilo halionekani katika ankara yoyote, hukua kimya kimya kila mwaka, na mwenye daftari bora huliandika tangu sasa. Nawe mfanyakazi unayesoma ukurasa huu, tunza barua yako ya kuajiriwa, kwani ndiyo daftari lako wewe.

SIKU YA MATANGA

Sasa tufike pale tunapopaogopa. Siku ya matanga wadai huja na wadaiwa hujificha. Mjane ambaye hakuwahi kufunguliwa kitabu atasimama mbele ya watu watano, kila mmoja akisema marehemu alikuwa na fedha yake. Yupi wa kweli? Na wale waliochukua makabati kwa mkopo nani atawataja? Fedha zilizo benki hazitatoka mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Wakati huo mafundi wanasubiri mshahara, mwenye nyumba anadai pango, na mashine moja tayari imekwisha hamia kwa shemeji "ili isiibiwe".

Sheria nayo huitazama biashara kwa namna ilivyosajiliwa. Biashara ya mtu mmoja, hata kama ina jina zuri lililosajiliwa BRELA, kwa sheria ni mtu yule yule: deni la duka ni deni lake, nalo laweza kuifuata hadi mali yake ya nyumbani. Ushirika wa watu wawili, ikiwa hawakuandikiana vinginevyo, huvunjika mmoja wao afapo. Kampuni, kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria. Mwenye hisa akifa, hisa zake huenda kwa warithi na kampuni huendelea kuishi. Si kila genge la nyanya lifanywe kampuni, maana kampuni ina gharama na taratibu zake. Lakini biashara ikikua, yafaa mwenyewe aulize mapema.

Kisha kuna wosia. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, husaidia kuandika wosia na kuutunza. Muislamu atakumbuka kwamba wosia wake haupiti theluthi ya mali, na kwamba warithi wana mafungu yao. Anayedhani wosia ni karatasi ya Wazungu na amkumbuke Sewa Haji, mfanyabiashara aliyezaliwa Unguja mwaka 1851 na kupata utajiri wake Bagamoyo kwa kuuza bidhaa na kuandaa wapagazi wa misafara. Alifariki mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 46 tu, lakini alikuwa amekwisha kuandika mali yake iende wapi. Hospitali iliyobeba jina lake Dar es Salaam ndiyo mwanzo wa Muhimbili ya leo, na wadi ya Sewa Haji wagonjwa wetu wanaijua. Hakungoja uzee ndipo aandike.

Na kwa wenye ndoa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria imeweka hivyo kwa sababu. Mkopo wa biashara uliochukuliwa kwa siri hutoka sirini siku dalali anapogonga kengele barazani.

TUANZIE WAPI?

Tuanzie jioni ya leo. Nunua daftari la kurasa mia mbili. Ukurasa wa kwanza andika wanaokudai, kiasi na tarehe, pamoja na kila arbuni. Ukurasa wa pili andika unaowadai. Wa tatu andika mali ya biashara, na karatasi zake ziko wapi: leseni, mkataba wa pango, namba ya mlipa kodi, hati za mkopo. Wa nne andika mshahara wako mwenyewe. Kuanzia ukurasa wa tano, kila jioni andika kilichoingia na kilichotoka, kabla hujala. Faida ya papo kwa papo utaiona pia, kwani majedwali ya kodi ya wafanyabiashara wadogo nchini kwa miaka mingi yamewatofautisha wenye kumbukumbu na wasio nazo, na asiye nazo ndiye aghalabu hulipa zaidi.

Fungua na njia ya uzeeni isiyotegemea biashara hiyo. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii huwapokea hata waliojiajiri, lakini pensheni ya uzeeni hutaka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Aliye na miaka 45 leo hana muda wa kusema "mwakani".

Mwisho, daftari hilo usilifungie peke yako. Mwonyeshe mkeo, au mumeo, au mtoto aliyekomaa, mkae nalo mara moja kila mwezi. Mkiweza kulisoma pamoja na kuelewana nani anadai na nani anadaiwa, basi mlango mmekwisha kuupasua ukutani. Siku ya kuutumia haijulikani, lakini angalau itakapofika hamtaupapasa gizani.